Ubao wa Mlango

Paluku, jirani,
naandika kwa penseli ya seremala
juu ya ubao uliobaki kwenye chukudu ya Mbusa,
maana karatasi bata wataila.
Kavugho amesimama begani kwangu, anasahihisha.
Tutakuwa Butembo siku tisa.

Ni watatu: Gavana, Mama Chumvi,
na yule mwenye kigugumizi
ambaye jina lake hubadilika kila Jumapili.
Wahesabu jioni. Wakiwa wawili, usiingie kulala.

Mkate usiwape.
Najua, mkate wa jana umekuwa mgumu, nani ataula,
na midomo ile ikifunguka mkono hujinyoosha wenyewe.
Mwaka juzi tulilea kifaranga kwa mkate na huruma.
Miguu ikamlegea kama bawaba iliyopoteza skrubu,
akatambaa kwa kifua juu ya mawe haya ya volkano
yasiyosamehe hata viatu.
Huruma ilimshibisha, haikumjenga.

"Andika chachu," anasema.
Chachu, basi. Unga wa chachu ya bia, uko kwenye kopo la maziwa.
Kijiko cha chai, juu ya pumba za mahindi zilizoloweshwa.
Hukaza miguu. Mimi sikuamini,
nilidhani mbao tu ndizo hutiwa dawa zisipinde.

Lenga-lenga, katakata ndogo.
Vichwa vya sambaza, Mama Siuzike atakupa bure ukimsalimia vizuri.
Sombe mbichi hapana: sumu yake huishia kwenye sufuria,
haiishii tumboni mwa bata.
Avoka hapana, hata ganda.
Na mchanga wa ziwani, kiganja kimoja,
kwa kuwa bata hana meno, husaga chakula chake kwa mawe.
Mtu wa Goma hahitaji kuelezwa hilo mara mbili.

Sasa maji. Hapa watakucheka.
Watakuona unasukuma bidoni nne kupanda hadi Katoyi,
shati limeganda mgongoni,
halafu unamimina moja nzima kwenye beseni la bata.
Mimina. Kina kifike juu ya macho yao;
bata asiyezamisha kichwa hufunga pua, huota tongotongo,
husikitika kwa namna ambayo huwezi kuiuza wala kuila.
Maji yakichafuka, yamwagie lenga-lenga.
Hakuna kilichopotea, mwambie anayecheka.
Au usimwambie.

Maranda yako karakana, gunia la buluu,
si lile jeupe, la mbao zilizopakwa dawa.
Yakilowa, badilisha.
Nyayo zao zigeuze uzitazame
kama unavyotazama kucha za mtoto kabla ya shule.
Doa jeusi, uvimbe: mwite Kisuba wa mifugo, usingoje kesho.

Nafasi inakwisha, na kuna jambo nililiruka kwa makusudi.

Walikuwa wanne.

Nyuma ya ukuta wa mawe kuna kishimo, unakijua,
chenye nyasi mbichi kuliko zote mtaani.
Usiku usio na upepo mazuku hushuka mle na kulala,
pumzi ya ardhi, haina rangi,
mtu mzima humfika magotini tu.
Bata yeye ni magoti matupu.
Tulimkuta kichwa chini ya bawa, hana jeraha,
manyoya yanang'aa, miguu imara,
tumbo limejaa chachu, sambaza, lenga-lenga,
kila kitu nilichokuandikia hapo juu.

Kavugho amenyamaza begani.

Kwa hiyo ubao huu naupigilia mlangoni pao,
usome kwanza huku chini.
Usiku wafungie. Asubuhi usiwafungulie kwa saa wala kwa jogoo.
Tazama nguo za mkeo kambani:
zikianza kutikisika, fungua.

Amesema tena. Anataka niongeze
kwamba yule mwenye kigugumizi
Jumapili hii ataitwa Paluku.